Pumzi 72 kwa dakika

Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo karibu na ziwa, Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, Tanzania. Kazi yangu ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto wangu huja na vihesabio mifukoni: vizibo vya soda, vijiti, mbegu za maembe, kokoto za ufukweni. Miaka yote nimewaambia jambo moja, kwamba ukitaka kujua vitu ni vingapi usikisie. Gusa kimoja kimoja, uhesabu. Machi 2023 binti yangu wa wiki tisa alitweta mbele ya macho yangu kwa siku mbili nzima, nami nikawa nakisia.

Nianze na darasa, maana ninaamini ugonjwa ulitokea pale. Mwaka ule nilikuwa na watoto 112 katika chumba kimoja. Dawati la watatu lilikaliwa na watano. Mvua ya upepo ikipiga kutoka ziwani tulisogeza madawati yote upande mmoja ili madaftari yasilowe, na watoto wakakaa magoti yakigusana mpaka mvua ikatike. Wiki ile nusu ya darasa ilikuwa na mafua. Mtoto wa miaka sita hana leso. Leso yake ni mkono wa sweta. Anafuta kamasi, kisha ananiletea daftari nisahihishe. Nilisahihisha madaftari yote, nikafuta ubao, nikarudi nyumbani, nikampakata binti yangu hata kabla sijanawa. Kaka yake alikuwa darasa la awali shuleni hapohapo. Jumatatu akaanza kukohoa. Jumamosi mdogo wake akapiga chafya.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walizifuata familia nyumba kwa nyumba kuona nani anamletea mtoto mchanga kirusi kiitwacho RSV. Aliyeonekana mara nyingi kukiingiza nyumbani ni ndugu yake mkubwa, hasa aliyeanza shule. Mtu mzima akipata RSV huona ni mafua ya kawaida, anapenga kamasi siku tatu na kazi anaendelea nayo. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka 2, na wengi hupona bila hata mzazi kujua jina lake. Ila akikipata akiwa na wiki chache tu, au akiwa amezaliwa njiti, hapo ni habari nyingine.

Siku ya kwanza ilikuwa chafya na kamasi jepesi. Mafua tu, tulisema. Hilo neno "tu" limeniuma sana baadaye.

Siku ya pili nilikwenda duka la dawa. Mtoto nilimwacha nyumbani, nikapeleka maelezo. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa adabu, akanipa chupa ya dawa ya kikohozi na chupa ya amoksilini, akaniandikia kutwa mara tatu. Leo ninajua kwamba amoksilini huua bakteria, na kilichokuwa kifuani mwa binti yangu ni kirusi, kisichoguswa kabisa na dawa hiyo. Ninajua pia kwamba dawa za kikohozi za maji hazimfai mtoto mchanga. Lakini ubaya mkubwa wa zile chupa mbili ni kwamba zilitupa amani. Jirani akiuliza, tulijibu, "Anatumia dawa." Tukakaa kuisubiri dawa ifanye kazi, na siku mbili zikapita tukisubiri.

Siku ya tatu mama mkwe wangu alikuja kumwona mjukuu. Alimwinamia, akamsikiliza koo, akasema, "Mwalimu, huyu ana kimeo." Wasomaji wa Kanda ya Ziwa mnajua maana yake. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi huaminika kuwa kimerefuka na kinamkuna mtoto koo, kwa hiyo dawa ya kikohozi kisichoisha ni kukikata. Fundi wa kimeo alikuwa kijiji cha jirani. Mke wangu alikataa. Aliogopa kwa sababu aliwahi kuona mtoto wa ndugu yake akivuja damu hadi kufa baada ya kukatwa. Alisema, "Mama, nisamehe, huyu simpeleki," akamgeuzia mama yake mgongo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Mama mkwe ninamheshimu, amelea watoto saba, na nikitafakari naona alikuwa amekaribia ukweli kuliko mimi. Alisema njia ya hewa imeziba. Mimi nilisema ni mafua. Alikosea mahali tu. Kirusi hiki hushuka mpaka kwenye vijirija vya mwisho kabisa vya mapafu, vyembamba sana kwa mtoto mchanga. Kuta za vijirija huvimba, chembe zilizokufa hubanduka, zinachanganyika na kamasi, na njia inaziba. Mtoto anavuta hewa kwa nguvu lakini hewa haipiti. Ndiyo maana kifua hulia kama filimbi. Pua nayo imeziba, na mtoto wa umri huo hupumua kwa pua, kwa hiyo akinyonya hapumui na akipumua hanyonyi.

Hilo la mwisho ndilo lililotuamsha. Usiku wa siku ya nne alishika titi, akavuta mara mbili, akaachia, akahema, akashika tena, akaachia. Ikafika saa ambayo hakulishika kabisa. Hata kulia kulikuwa kumekwisha. Mke wangu aliniambia gizani, "Baba, mtoto hanyonyi." Sauti aliyoitumia sijaisahau. Tulitoka kabla hakujapambazuka, mvua ikinyesha, mtoto ndani ya khanga na khanga ndani ya koti langu.

Muuguzi wa zahanati hakuuliza maswali mengi. Alisema, "Mwalimu, mvueni nguo za juu zote." Akaiweka simu yake kitandani, saa ikikimbia, akainama kutazama tumbo la mtoto. Dakika nzima hakusema neno, nami nikawa namtazama yeye badala ya mtoto. Alipoinuka alisema, "Sabini na mbili." Kisha akanishika mkono, akauweka chini ya mbavu za binti yangu. "Kila anapovuta hewa, hapa panabonyea. Umepaona?"

Nilikuwa nimepaona tangu juzi yake. Nilidhani ndivyo watoto wachanga wanavyopumua.

Mtoto wa chini ya miezi 2, ukihesabu pumzi 60 au zaidi kwa dakika, ni hatari. Wa miezi 2 hadi mwaka, ni 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Unahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua haraka, anatulia, anaharakisha tena. Kwa binti yangu mstari ulikuwa 50, na yeye alikuwa ameuvuka kwa pumzi 22. Namba hizi zimekuwepo katika mafunzo ya wahudumu wa afya kwa miaka mingi. Na mimi, mwalimu wa hesabu niliyekuwa na saa ya mkononi na simu yenye saa nyingine, sikuwahi kuambiwa, wala sikuwahi kuuliza.

Hospitali ya kisiwani walimbana kidole cha mguu kwa kile kifaa chenye mwanga mwekundu. Kikasoma oksijeni ya damuni: 84 kwa mia. Daktari alinieleza kwamba chini ya 90 mtoto anahitaji oksijeni bila kusubiri. Walikuwa na mashine moja ya oksijeni katika wodi ile, ya aina inayovuta hewa ya chumbani, inaitenga naitrojeni na kuiacha oksijeni. Inafanya kazi vizuri sana, mradi umeme uwepo. Watoto wawili walikuwa wanapumua kutoka kwenye mashine hiyohiyo kwa mpira uliogawanywa, na binti yangu akawa wa tatu. Saa tano asubuhi, radi ikapiga, umeme ukakatika.

Sijui kama nitaweza kueleza ukimya ule. Mashine ile ina mngurumo, na ukishakaa nayo saa mbili unauzoea kama mngurumo wa ziwa usiku. Ulipozimika, mama watatu waliinua vichwa kwa pamoja. Wauguzi walikimbia. Mtungi uliletwa, na baada ya muda jenereta likawaka. Siwalaumu watu wale. Walifanya kwa mikono yao kila kilichowezekana. Lakini daktari alinivuta pembeni akasema, "Mwalimu, huyu anachoka. Akichoka zaidi atahitaji msaada ambao hapa sina. Twende Mwanza."

Meli ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka. Njia iliyobaki ilikuwa gari la wagonjwa hadi Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha Bunda, kisha Lamadi, Magu na kuingia jijini. Dereva alisema tukiikuta njia nzuri ni saa nne na nusu. Muuguzi aliyetusindikiza aliufunga mtungi kando ya kitanda, na mimi nikaukazia macho. Nilimwuliza ujazo wake. Akasema lita 10, na geji ya mgandamizo inasoma baa 30. Nikazidisha: lita 300. Binti yangu alikuwa anapewa lita 1 kwa dakika. Dakika 300. Saa 5.

Nilifika Rugezi nikiwa na hesabu hiyo kichwani, nikakuta kivuko kiko upande wa pili.

Tulisubiri dakika 40. Abiria walipoliona gari la wagonjwa walisogea bila kuombwa, mama mmoja mwenye beseni la dagaa akaja dirishani akamwekea mke wangu mkono begani, akasema "Mungu yupo, mwanangu," akaondoka. Mimi nilikuwa natoa 40 kwenye 300. Muuguzi alipoona uso wangu alipunguza oksijeni mpaka nusu lita, akaikodolea macho ile namba ya kidoleni kuona kama itashuka. Ilikaa 91, ikawa 90, ikarudi 91. Akaiacha hivyo hadi Bunda. Tulipita Kisesa jioni, mshale wa geji ukiwa ndani ya eneo jekundu, na foleni ya Igoma na Buzuruga ndiyo niliyoililia. Mtu mzima, ndani ya gari la wagonjwa, nikililia foleni.

Hospitali ya rufaa walimweka kwenye mapovu. Ndilo jina tulilolitumia sisi wazazi. Mtoto anavalishwa vijimrija puani vinavyosukuma hewa yenye oksijeni, na mrija wa kutolea hewa unatumbukizwa ndani ya chupa ya maji, sentimita 5 chini ya uso wa maji. Hewa inatoka ikibubujika. Kadiri mrija unavyozama, ndivyo mgandamizo unavyozidi, na mgandamizo huo ndio unaovizuia vile vijirija vya mapafu visijifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Chupa, maji, mrija. Fizikia ya darasa la saba. Nilikaa usiku kucha nikisikiliza mapovu kama mtu anayesikiliza saa ya ukutani, na yakinyamaza sekunde mbili nilisimama.

Maziwa alipewa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni. Mke wangu alikamua kwenye kikombe, muuguzi akapima mililita. Asubuhi ya pili nilimwuliza daktari ni sindano gani wanampa kuua kirusi. Akanijibu kwa upole, "Hakuna, Mwalimu. Dawa yake ni muda. Kazi yetu ni kumshikia pumzi mpaka mwili wake ushinde." Akaniambia kwamba ugonjwa huu huwa mbaya zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hupungua. Nikahesabu kwa vidole. Siku zile mbili nilizokuwa nasubiri chupa za duka la dawa zilikuwa zilezile.

Kitanda kilichofuata alilala mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Baba yake ni mvuvi wa dagaa, anaishi kambini kwenye kisiwa kisicho na zahanati. Matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali ni bure, na hilo ni jambo kubwa, nalishukuru. Lakini aliponieleza hesabu yake nilielewa kwamba dawa ilikuwa sehemu ndogo. Mtoto aliugua wakati wa giza, ambapo mwezi haupo na dagaa wanafuata taa. Hizo ndizo siku pekee ambazo familia kama yake inapata fedha. Kulala nchi kavu usiku mmoja wa giza ni kukosa chakula cha wiki. Kisha upepo ulichafuka ziwani, na kwa siku mbili hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka. Ulipotulia alikwenda kwa tajiri wake, mwenye mtumbwi na nyavu, akakopeshwa petroli na mashine kwa masharti ya kukatwa katika mavuno ya mwezi unaofuata na wa baada yake. Walisafiri saa sita juu ya maji, mama akimkinga mtoto na mawimbi kwa turubai. Hakuna hata dakika moja katika saa hizo aliyopata oksijeni.

Mtoto yule alifariki usiku wa pili. Mama yake hakupiga yowe. Alimkunja vizuri ndani ya kitenge, akamfunika uso, akamfunua tena, akamfunika. Mume wake alinijia ukumbini akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unajua gari la kubeba mwili mpaka mwaloni, kwenye mitumbwi, ni shilingi ngapi?" Nilikuwa na bima ya utumishi. Nilikuwa na mshahara utakaoingia mwisho wa mwezi hata nikikaa hospitali siku nane. Watoto wetu walikuwa na umri unaokaribiana na dalili zilezile. Walitofautiana kwa saa, kwa mtungi wenye geji inayosoma 30, na kwa muuguzi mmoja aliyejua kuhesabu.

Mimi na wazazi wenzangu tulichanga tulichokuwa nacho. Hakikutosha hata kwa petroli.

Binti yangu alitolewa kwenye mapovu siku ya tano, akanyonya siku ya sita, tukaruhusiwa siku ya nane.

Niliporudi nilianza kusoma, kwa hasira kwanza, kisha kwa utulivu. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet yanaeleza kuhusu mwaka 2019: watoto wa chini ya miaka 5 waliopata maambukizi ya mapafu ya RSV walikuwa takriban milioni 33. Waliolazwa ni milioni 3.6. Waliokufa ni zaidi ya 100,000, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi 6. Katika kila watoto 100 waliokufa, zaidi ya 97 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Na waliofia hospitalini ni 26,300 tu. Maana yake, karibu robo tatu ya watoto wale walikufa nyumbani, njiani, au ndani ya mtumbwi. Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Takwimu nyingi sana tunazozisikia zinatoka kwenye vitabu vya hospitali, na mtoto ambaye hakufika hospitali hana ukurasa.

Kwetu mtoto wa namna hiyo huandikwa nimonia, kama ameandikwa kabisa. Nimonia ni jina la nyumba yenye wapangaji wengi. Bakteria wawili wabaya kati yao tumeanza kuwafukuza: chanjo ya Hib iliingia nchini mwaka 2009 ndani ya ile ya magonjwa matano, na ya nimokokasi ikafuata kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013. Binti yangu alichomwa zote mbili, ila hazizuii virusi. Nilipokuwa kijana sikujua hata kwamba kuna tofauti.

Mwaka 2021 nilimzika baba yangu mdogo. Siku zile watu walisema "changamoto ya upumuaji", na msibani hakuna aliyeuliza ni kirusi gani. Alikufa akiwa amekaa, kwa sababu akilala alikuwa hapumui. Yale yaliyompata niliyajengea kaburi la peke yake, nikaamini ni mambo ya ugonjwa mmoja wa dunia uliokuja ukapita. Nilipomwona binti yangu anatanua matundu ya pua akitafuta hewa nilimwona baba mdogo. Kirusi kingine, umri mwingine, lakini kilichokosekana ni kilekile: hewa iliyochujwa, ndani ya mtungi, karibu na mahali mtu anapougulia.

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko mengine. Agosti 2023, miezi mitano tu baada ya safari yetu ya Rugezi, Marekani iliidhinisha chanjo ya RSV anayochomwa mama mjamzito katika miezi ya mwisho, ili kinga yake impitie mtoto kabla hajazaliwa. Kuna pia sindano ya kingamwili, iitwayo nirsevimab, anayopewa mtoto mwenyewe. Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha ile chanjo ya wajawazito kwa ubora, hatua inayoyawezesha mashirika ya Umoja wa Mataifa kuinunua, na Mei mwaka huohuo likazishauri nchi zote kutumia mojawapo ya kinga hizi mbili. Mke wangu alikuwa mjamzito tena mwaka ule. Kliniki alihudhuria mara zote. Chanjo aliyochomwa ni ya pepopunda. Nilimwuliza muuguzi, yule yule aliyenihesabia 72, kuhusu hii nyingine. Alinitazama kidogo, akasema, "Ikifika hapa, Mwalimu, nitakuja kukuita mwenyewe shuleni." Ninaamini atakuja. Naomba viongozi wetu wa afya waiombe, waibishie bei, waililie kama nilivyoililia ile foleni.

Wakati tunasubiri, kuna mambo tuliyoyabadilisha nyumbani. Jiko la mkaa haliingii ndani hata mvua ikinyesha vipi, tumelijengea kibanda. Mwanangu akitoka shule ananawa kwa sabuni kabla ya kumgusa mdogo wake, na akiwa na mafua anampungia mkono kutoka mlangoni. Mimi navua shati la kazi. Wageni wanaokuja kumwona mtoto mchanga nawaomba radhi, nawapa maji na sabuni, na mwenye mafua namwomba arudi wiki ijayo. Wengine wamenuna, kwa sababu kwetu kumnyima mgeni mtoto ni sawa na kumtukana. Nimekubali kununiwa. Mtoto akizibwa pua tunadondoshea maji ya chumvi ya hospitali, tunafuta, kisha ananyonya kidogo kidogo mara nyingi. Asali na limau, dawa ya kila bibi wa hapa, tunawapa wakubwa. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, inaweza kumlemaza. Kujifukizia mvuke na mtoto ndani ya blanketi tumeacha, nimeona aliyeungua.

Shuleni nimepata ndoo mbili zenye bomba. Madirisha hayafungwi. Darasa bado lina watoto wengi mno, na hilo siliwezi peke yangu.

Jambo lililonifurahisha ni hesabu yenyewe. Kwenye kikao cha wazazi mwaka jana niliomba dakika kumi. Nilimlaza mtoto wa mzazi mmoja juu ya meza, akiwa mzima na amelala, nikawaambia akina mama watazame tumbo lake na kila pumzi moja wahamishe kizibo kimoja cha soda kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Wengi wao hawakusoma. Vizibo wanavijua. Mama mkwe wangu alikaa mstari wa mbele, akahamisha vizibo 36, na alipomaliza akawaambia wenzake, "Kumbe pumzi zinaonekana kwa macho." Tangu siku ile vijana wa mwaloni wananiita Mwalimu wa Pumzi, na usiku hodi zimekuwa nyingi.

Ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, saa nane za usiku, mvua ikinyesha. Kijana mvuvi na mkewe, mtoto wa miezi saba, anakohoa siku ya tatu. Wamempa dawa ya dukani. Walitaka kujua kama wasubiri kukuche. Mke wangu aliwasha taa, nikamwomba mama amvue mtoto nguo za juu, ampakate mpaka atulie. Nikaiweka simu mezani.

Nilihesabu dakika nzima, nikapata 58. Nikamkabidhi baba yake vizibo, naye akahesabu. Akapata 57. Nikamwonyesha chini ya mbavu. Hakuuliza tena habari ya kukucha. Alitoka mvuani kwenda kumgongea mwenye pikipiki, nami nikampigia simu muuguzi.